Kichwa Nilichokiita Kizima

Marahaba, wanangu. Nimeambiwa niwaandikie ninyi mnaoingia kwenye kazi yetu ya kupiga picha za wagonjwa, kurasa chache tu, na nisiwachoshe. Nitajitahidi. Lakini mtu aliyekaa miaka zaidi ya thelathini ndani ya chumba cha giza akiongea na ndoo za dawa, mkimpa nafasi ya kusema mmejitakia wenyewe.

Nilifanya kazi hospitali ya misheni huku Umatengoni, milimani, upande wa Mbinga. Watu waliniita Bwana Picha. Jina langu la ubatizo walilikumbuka padre na mke wangu, na mke wangu alilitumia akiwa amekasirika tu.

Ninyi leo mnabonyeza, na picha inatokea kwenye kioo kabla mgonjwa hajafunga vifungo vya shati. Sisi tulikuwa tunaiosha kwa mikono, gizani, na kitaa chekundu ukutani. Baridi ya kwetu ya Juni na Julai mnaijua. Dawa ikipoa, filamu inatoka imefifia, hata mbavu huzioni. Kwa hiyo kila asubuhi nilianzia jikoni kwa masista kuomba maji ya moto. Nilikuwa nayamimina kwenye beseni kubwa, naweka tangi la dawa humo ndani, halafu nachovya kiwiko kwenye yale maji kama mama anayetaka kumwogesha mtoto. Kipimajoto tulikuwa nacho. Kilivunjika mwaka wangu wa kwanza, na aliyekivunja ndiye huyu anayewaandikia.

Na wagonjwa wetu, jamani! Mzee mmoja wa Mbaha alipanda kutoka ziwani na kikohozi chake, nikampiga picha ya kifua. Baada ya wiki mbili huyo, karudi na jogoo kwapani. Eti ananishukuru, ule mwanga umemponya kabisa, sasa anaomba nimpige na goti. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Jogoo nilimpokea. Ila kicheko kile kilikuwa na funzo ndani yake, nami sikulishika: watu wetu waliamini kwamba eksirei inaona kila kitu na inaweza kila kitu. Nilipenda waamini hivyo. Ukiitwa Bwana Picha, kichwa kinavimba.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Sista Redempta, mtawa mzungu, mfupi, mkali, aliyejua Kiswahili kuliko baadhi yetu. Alikuwa na amri moja aliyonirudishia kila wiki: "Picha haisemi. Unayesema ni wewe. Basi kabla hujasema, funga mdomo kwanza." Nilikuwa naitikia, "Ndiyo Sista," huku moyoni nikisema huyu bibi naye, ana maneno.

Sasa niwape habari ya Skola.

Jina lake kamili Skolastika. Alizaliwa Lundo, kule chini ziwani, akaolewa Mkumbi na mkulima wa kahawa aitwaye Ndunguru. Binti wa ziwani kuolewa mlimani si mchezo. Kule kwao wanalima mihogo na kuanika usipa, vile visamaki vidogo vya ziwani, mchangani. Huku kuna ngolo, yale mashimo yetu ya mraba tunayolima kwenye miteremko ili mvua isibebe udongo. Mwanamume anapanga nyasi, mwanamke anazifukia kwa jembe, na ukisimama ng'ambo ya bonde unaona kilima kizima kimegawanyika vyumba vyumba. Mkwe akija mgeni, watu husimama ng'ambo kutazama ngolo zake zimenyooka au zimepinda. Za Skola zilinyooka mpaka wanawake wenyeji wakanuna.

Alipokaribia miaka arobaini zikaanza kupinda. Kisha yeye mwenyewe akawa anatembea miguu ameitanua, anayumba, anatumbukia kwenye mashimo aliyoyachimba mwenyewe. Ulimi ukawa mzito. Akinywa chai, kikombe kinafika puani.

Ilikuwa miaka ya ruksa, soko huria limeingia. Wanunuzi binafsi wa kahawa wanapanda na malori yao, maduka yamejaa vitu, na vilabu vya pombe ya komoni vimeota kila njia panda. Wanywaji walikuwa wengi, wake kwa waume. Basi mwanamke akionekana anayumba saa nne asubuhi, nani angehangaika kutafuta sababu nyingine? Skola alikuwa hajawahi kuonja pombe maishani mwake. Aliapa, wakamcheka. Wakamtoa kwenye kwaya ya kanisa.

Ndunguru alimleta hospitalini siku moja ya mvua. Hakuwa mtu mbaya, niwaambie ukweli. Alikuwa mtu aliyechoka kuchekwa. Akaniambia wazi mbele ya mkewe: "Bwana Picha, ukoo umekaa. Wamesema kama ni ugonjwa, nimuuguze. Kama ni pombe, arudi kwao Lundo na watoto wabaki. Nataka ujue mle kichwani kuna nini."

Daktari wetu alikuwa safarini. Mganga msaidizi aliandika eksirei ya kichwa, nami nikampandisha mezani. Hakutulia. Kichwa kilikuwa kinatikisika kidogo kidogo, filamu ya kwanza ikaharibika, na ya pili. Nikakasirika. Nikamwambia, "Wewe mama, asubuhi yote hii umekunywa nini?" Mpaka leo nalijutia neno lile.

Filamu ya tatu ilitoka safi. Nawaambia ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizopiga mwaka ule: mfupa mweupe, kingo zimekaa, hakuna ufa hata mwembamba kama uzi. Nikatoka nayo bado inachuruzika maji, nikainua mlangoni wote waione.

"Kichwa kizima kabisa," nikasema.

"Hana ugonjwa?" akauliza Ndunguru.

"Mimi sioni ugonjwa hapa."

Ndunguru akainamisha uso. Skola, kwa ule ulimi wake mzito, akasema, "Asante, Bwana Picha." Akashuka ngazi amejishikiza ukutani.

Sista Redempta alikuwa amesimama nyuma yangu. Akauliza polepole, "Umeuona ubongo wake?"

"Hapana Sista. Eksirei haionyeshi ubongo, inaonyesha mfupa."

"Hilo umewaambia?"

Sikuwaambia, wanangu. Nilikuwa nimepiga picha ya ukuta wa nyumba, nikatangaza kwamba waliomo ndani ni wazima.

Neno langu likafika kwenye kikao cha ukoo kabla filamu haijakauka vizuri. Bwana Picha mwenyewe kasema hana ugonjwa! Wakaamua avumiliwe mpaka kahawa ivunwe, kisha arudishwe kwao. Nilikwenda Mkumbi kujaribu kufafanua. Kaka mkubwa wa Ndunguru akanikaribisha vizuri, akanipa ndizi, akaniambia, "Mtaalamu hawi na maneno mawili." Nikala ndizi nikarudi.

Mwaka uleule misheni ikanipeleka Dar es Salaam kwa wiki sita. Hospitali za binafsi zilikuwa zimeruhusiwa, na moja ilikuwa imeleta mashine ya siti-skani. Nilifika nimevaa sweta ya Mbinga, watu wa mjini wakanikodolea macho. Kumbe chumba cha mashine kilikuwa na kipoza hewa kikali, mahali pekee katika jiji lile penye baridi ya kwetu, na mwenye akili alikuwa mimi.

Aliyepangiwa kunifundisha alikuwa binti wa pwani, Zuhura, umri wa mwanangu. Aliniamkia "Shikamoo baba" kila asubuhi, halafu kutwa nzima ananigombeza kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilimpenda sana. Siku ya kwanza alimlaza mzee mmoja, kichwa ndani ya lile duara kubwa, tukaingia chumba cha pembeni chenye kioo. Mashine ikaunguruma. Kwenye kioo pakatokea pete nyeupe, ule mfupa niliouzoea, na ndani ya pete...

Yesu na Maria.

Ndani palikuwa na mtu. Sijui niseme vipi vingine. Miaka yote ile nilikuwa nimeishia mlangoni, na sasa mlango umefunguliwa. Ubongo wa kijivu, mikunjo yake, na katikati vijiziwa vya maji vyeusi, viwili, vimeumbwa sawasawa kulia na kushoto. Kipande kikapita, kikaja kingine cha chini yake, na kingine, kama mtu anakata kabichi polepole akikuonyesha kila jani. Na mwenye kichwa alikuwa hai! Alikuwa analalamika kwenye kipaza sauti kwamba ana njaa, hajanywa chai tangu asubuhi. Nilikuwa natazama mahali njaa yake inapokaa. Nilivua kofia, machozi yakanitoka, na Zuhura akajifanya hajaniona.

Wiki zile niliona mengi. Niliona ubongo wa bibi aliyesahau majina ya wanawe, umesinyaa, mikunjo imeachana. Niliona wazee ambao nyumbani walikuwa wanaitwa wakaidi, wavivu, wamerogwa. Kila mara nilishangaa upya. Hebu fikiri: mwanamume anamsahau mkewe, mke analia kwamba hapendwi tena, na jibu limekaa pale kwenye kioo, weusi mdogo mahali palipotakiwa kuwa na kijivu.

Wiki ya nne akaletwa kijana mmoja anashikiliwa huku na huku. Zuhura hakumkaripia kwa kutikisika. Alimwekea mifuko ya mchanga pande mbili za kichwa, akamfunika shuka, akaanza kumuuliza habari za kwao mpaka akatulia. Chukueni hilo, halimo vitabuni: mtu wa namna hii hatikisiki kwa ukaidi, na ukimkaripia atatikisika zaidi. Zuhura akanionyesha kipande cha chini, nyuma, kisogoni. "Ona baba. Huu ni ubongo mdogo, ndio unaopima hatua na mkono na ulimi. Wa huyu umekwisha. Ndiyo maana anayumba kama mlevi, na maskini wala hanywi."

Niliketi. Nikamwambia, "Mwanangu, kuna mtu nimemuua kule kwetu." Akashtuka, nikamweleza yote. Jioni ileile akanipeleka kwa daktari wa mishipa ya fahamu, naye akasema, "Mlete."

Nilituma ujumbe kwa redio ya misheni. Sista Redempta akateremka mwenyewe Mkumbi, na alichomwambia Ndunguru sikukijua, ila nilisikia alipaza sauti. Ndugu zake Skola wa ziwani wakachanga. Wakaja juu ya lori la kahawa mpaka Songea, halafu basi. Ndunguru aliposhuka hakunisalimia vizuri. Akasema, "Hii ndiyo ya mwisho, Bwana Picha. Kahawa imeshaiva."

Nilimlaza Skola kwa mikono yangu. Nikaweka mifuko ya mchanga. Nikainama sikioni nikamwambia, "Mama, siku ile nilikukosea. Nisamehe." Akajibu kwa taabu, neno moja moja, "Piga... picha."

Vipande vikaanza kupita. Ubongo mkubwa, mzima, mzuri, umejaa. Tukashuka chini, kisogoni. Ubongo mdogo ulikuwa umekondeana, majani yake yameachana, maji meusi yamejaa katikati. Nusura nipige vigelegele kama mwanamke, Mungu anisamehe. Mtu anafurahije kuona ugonjwa? Mimi nilifurahi.

Daktari alizipachika filamu kwenye taa, akawaita mume na mke, akawaonyesha. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: "Nisiwadanganye. Pombe ya miaka mingi nayo hukausha hapa hapa. Picha haiwezi kuniapia kwamba mama huyu hanywi." Ndunguru akanigeukia taratibu. Daktari akaendelea, "Lakini pombe hupenda kuanzia hapa katikati, juu. Hapa pamepungua pote, na hata shina la ubongo limekonda. Ugonjwa wa namna hii mara nyingi hutembea kwenye damu. Mama, kwenu kuna mwingine aliyetembea hivi?"

"Hakuna," akajibu Ndunguru. "Baba yake alikuwa mvuvi, alikufa maji."

Skola alikuwa anaitazama ile filamu. Hakupepesa. Akasema, "Baba."

Maneno yake yalikuwa yanatoka kwa kuvutwa.

"Baba alitembea hivi. Lundo nzima walimwita Mlevi. Mimi nilikuwa mtoto wa Mlevi. Ndiyo maana sijagusa pombe. Ndiyo maana nikaolewa mbali, sikumtaja." Akapumzika. "Alianguka toka mtumbwini. Maji ya kiunoni. Watu wakacheka, wakadhani atainuka. Nilikuwepo ufukoni. Na mimi nilicheka."

Ndunguru, yule mtu mgumu, alipiga magoti pale sakafuni mbele ya daktari na mbele yangu, akaishika miguu ya mkewe. Daktari akawaeleza kwamba hakuna dawa ya kuurudisha ubongo ule, na kwamba watoto wao nao huenda wakaurithi ugonjwa, huenda wasiurithi, hakuna ajuaye. Akawaeleza fimbo ya kutembelea, namna ya kumeza chakula asipaliwe. Ndunguru akasikiliza kila neno kama anaungama.

Kikao cha ukoo sitakirefusha. Nilisimama katikati yao, nikasema mbele ya watu wote kwamba Bwana Picha alikosea. Kaka mkubwa akauliza, "Picha ya kwanza mzima, ya pili mgonjwa, tuamini ipi?" Nikaagiza kabichi na kisu. Nikawauliza kabichi hii nzima au imeoza ndani, wakasema kwa nje nzima. Nikaipasua. Sikuichagua, niliokota tu, na Mungu mwenyewe akanisaidia: ndani ilikuwa imeliwa. Wakasema "Lo!" wote kwa pamoja. Skola alibaki kwake. Alirudi kwenye kwaya, akaimba ameketi, nyuma ya wenzake kwa nusu mstari, na hakuna aliyemharakisha. Aliishi miaka mingine mingi, na akafia Mkumbi kitandani mwake, watoto wake wamemzunguka.

Ila kabla ya hayo alitaka kwenda Lundo, na akataka mimi na Ndunguru twende naye, na filamu.

Mama yake alikuwa bibi mkavu, mwepesi, bado anatengeneza nyavu. Tulimwamkia, akatupokea, na Skola akamweleza, polepole hivyo hivyo. Mimi nikainua filamu kuelekea ziwani, kwenye mwanga, nikamwonyesha mahali. Bibi akatazama sana. Akasema, "Nilikuwa namnusa mdomo, kila siku akirudi. Alikuwa hanuki. Nikasema huyu kajua kuficha. Nikawa namfungia mlango."

Tukaenda kaburini. Alikuwa amezikwa pembeni, peke yake, bila Misa, kilima kidogo cha mchanga na mawe matatu. Bibi akasimama pale ameikumbatia filamu kifuani. Kisha akanigeukia mimi, mtaalamu.

"Baba, wewe unayejua picha. Tulipokuwa tunamcheka, alikuwa anasikia?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na filamu ile kichwani, ubongo mkubwa wote umejaa, mzima. Nikamkumbuka Sista Redempta, nikaufunga.

Skola ndiye aliyejibu. Alikuwa amejishikiza begani kwa mumewe, anatikisika.

"Alisikia, Mama. Mimi... huwa nasikia yote."